Gari la umeme la mtumba: Hesabu vijiti kabla hujauza ng'ombe wa dingi

KUNA simu za usiku ambazo ukizisikia tu unajua kasheshe imeingia. Mwezi uliopita nilikuwa nimeshajilalia zangu hapa Mwanza, saa tano za usiku, simu ikalia. Nikadhani msiba. Kumbe ni dogo, mtoto wa baba yangu mdogo kule nyumbani Zagayu, sauti imemjaa furaha kama mtu aliyeokota bahasha ya mshiko.

“Kaka, nimepata ngoma! Nissan Leaf, umeme mtupu, petroli inaisikia kwa majirani. Mwaka 2012, bei chee. Mzee ameshakubali, tunatoa ng'ombe 14.”

Usingizi ukakata hapo hapo. Nikamuuliza swali moja tu: “Ina vijiti vingapi?”

Kimya.

“Vijiti gani tena, kaka?”

Nikajua dogo anakaribia kuingia mkenge, na ng'ombe wa baba mdogo wako nyuma yake kwenye foleni.

Kwa wewe mtoto wa mjini ambaye hukujui Zagayu, ni kata ya wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, umri sawa na hilo gari. Kabla ya hapo sisi wote kule tulikuwa tunajitambulisha ni watu wa Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba na mifugo, na ya ule udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha unakamata tairi kama mkopo wa riba. Ng'ombe 14 kwa Msukuma si kitu cha kuchezea. Hiyo ni ada ya shule, ni mahari, ni dawa mtu akiugua, vyote vimesimama zizini vinacheua.

Mpango wa dogo haukuwa wa kijinga, tusimwonee. Alitaka apige teksi pale Bariadi mjini, siku za mnada apeleke abiria Maswa, na wikiendi arudi nyumbani. Alikuwa amepiga hesabu ya mafuta na ya umeme, na hesabu yake ilikuwa sawa. Nami niliirudia kwenye karatasi ili nisije nikamvunja moyo bure.

Betri ya Leaf za mwanzo inabeba uniti 24. Ndiyo, uniti zile zile za LUKU unazonunua kwa simu. Uniti moja kwa nyumba ya kawaida ni zaidi kidogo ya shilingi 350 kodi zikiwemo, kwa hiyo kuijaza kutoka sifuri ni kama shilingi 8,500. Gari likiwa jipya, chaji hiyo ilikuwa inakupeleka kilomita 117 kwa kipimo cha mamlaka ya mazingira ya Marekani. Gari la petroli linalokula lita moja kwa kilomita 10 lingetaka karibu lita 12 kwa safari hiyo. Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ingekuwa zaidi ya shilingi 35,000. Hapo hujabadilisha oili, maana Leaf haina injini ya kubadilishwa oili. Kwa mwenye teksi hizo ni pesa za kumfanya aote mchana.

Wala teksi ya Leaf si ndoto za alinacha. Nairobi walishafanya. NopeaRide ilianza mwaka 2018 na hizo hizo Nissan Leaf, abiria wanaita kwa simu, gari linachajiwa kwenye maduka makubwa. Ilikuja kufunga mwaka 2022, fedha zikiwa zimekata, lakini Leaf zilikuwa zimeshabeba watu miaka yote hiyo kwenye foleni za Nairobi.

Tatizo la dogo lilikuwa neno moja: mwaka.

MIAKA MINGINE NI RANGI TU

Sisi tumezoea Corolla na Mark II. Kwenye magari hayo mwaka ni sifa ya kutambia kijiweni. Ya 1998 na ya 1999 zinatofautiana taa na bampa, fundi wako chini ya mwembe anazifungua zote kwa spana zile zile. Leaf haiko hivyo. Kuna miaka imepita bila kitu cha maana kubadilika, halafu ukaja mwezi mmoja tu ambao kabla yake na baada yake ni magari mawili tofauti. Wauzaji wanalijua hilo. Wewe hulijui. Ndiyo biashara yenyewe.

(Kwa faida ya wale wanaocheka, Leaf maana yake ni jani. Si lile jani la nyuma ya gereji. Wajapani walimaanisha jani la mti, hewa safi.)

Gari lilizinduliwa Desemba 2010, Japani na Marekani. Hilo la kwanza mafundi wanalijua kwa namba ya chesisi inayoanza na ZE0. Betri uniti 24, mota ya kilowati 80, ukiikanyaga kwenye taa inatoka kimya kimya na kumwacha mwenye Noah anashangaa. Kasoro yake kubwa haionekani kwa macho: betri haipozwi. Haina maji ya kuipoza, haina hata feni. Inategemea upepo unaopita chini ya gari.

Mwaka 2012 kasoro hiyo ikalipuka kule Phoenix, jimbo la Arizona, ambako kiangazi joto linapita nyuzi 40. Wenye Leaf wakaanza kuona betri zao zinapungua uwezo kabla hata gari halijazoea jina la mwenyewe. Wakapiga kelele, wakaenda mahakamani, na mwaka 2013 Nissan ikaweka dhamana ya uwezo wa betri: kama dashibodi ikishuka chini ya vijiti tisa ndani ya miaka mitano au maili 60,000, kampuni inarekebisha.

Hivyo ndivyo vijiti nilivyomuuliza dogo. Pembeni kabisa ya kioo cha dashibodi, mkono wa kulia, kuna vijiti vidogo vidogo 12 vimepangwa kwenda juu. Usivichanganye na vile vinene vya chaji vinavyopanda na kushuka kila siku. Hivi vidogo vinaonyesha uwezo wa betri, vikiondoka havirudi. Cha kwanza kinaondoka betri ikiwa imepoteza asilimia 15. Baada ya hapo kila kijiti kinachozimika ni asilimia sita na kitu. Ukiona vimebaki vinane, ujue theluthi ya betri imeshakwenda na maji.

Bariadi si Phoenix, sawa. Lakini betri isiyopozwa haipendi jua popote pale, na hiyo yetu ingekuja na miaka yake mgongoni.

Sasa njoo Novemba 2012. Hapo ndipo mwezi mmoja unapotenganisha magari mawili. Nissan waliifumua Leaf upya, chesisi ikawa AZE0. Chaja iliyokuwa imejaa nyuma ya kiti cha abiria ikahamishiwa mbele chini ya boneti, na buti likapanuka kutoka lita 330 hadi 370. Uzito ukapungua, mpaka kilo 80 kwa baadhi ya matoleo. Mota ikawa mpya. Yale ya daraja la juu yakapata hita isiyofyonza betri kama ya zamani. Betri ilibaki uniti 24 zile zile, lakini kwa kipimo cha Kijapani umbali ukapanda kutoka kilomita 200 hadi 228.

Kwa hiyo mtu akikwambia “Leaf ya 2012”, bado hajakwambia kitu. Ni ya Machi au ya Desemba? Fungua buti. Ukikuta nundu kubwa nyuma ya kiti, kama kuna mtu kajificha chini ya zulia, hiyo ni ya zamani. Sakafu ikiwa imezama vizuri, ni ya baada ya mageuzi. Hendibreki nayo inakuumbua: ya zamani ni ya kubonyeza kwa kidole, iliyofuata ni ya kukanyaga kwa mguu. Huhitaji fundi kwa hayo.

Halafu kuna mwaka 2014, na hapa nacheka mwenyewe. Ukitazama takwimu za Marekani, Leaf ya 2013 inakwenda kilomita 121, ya 2014 inakwenda 135. Utasema dah, kweli wameiboresha! Wapi. Betri ile ile, mota ile ile. Ya 2013 ilikuwa na kitufe cha kuchaji mpaka asilimia 80 ili kutunza betri, basi wapimaji wakachukua wastani wa chaji ya 80 na chaji kamili. Mwaka uliofuata kitufe kikaondolewa kule Marekani, wakapima chaji kamili peke yake. Namba ikapanda, gari likabaki pale pale. Nimeona watu wanaongeza mshiko kwa ajili ya tofauti hiyo.

Mwaka 2015 ni kinyume chake. Nje hakuna kilichobadilika, hata mwenye gari hawezi kukuonyesha kitu, ila kwenye matoleo ya mwaka huo Nissan walibadilisha kemia ndani ya betri ili ivumilie joto. Wenyewe magari wakaibatiza betri ya mjusi, kwa sababu mjusi anaota jua na wala hajali. Mabadiliko hayo hayaonekani kwenye picha yoyote ya mtandaoni, lakini kwa mtu wa Simiyu yana maana kuliko taa na bampa zote.

Mwishoni mwa 2015, kwa ajili ya mwaka 2016, ikaja betri ya uniti 30 kwenye bodi ile ile ya AZE0. Kipimo cha Marekani kilomita 172. Hiyo ndiyo ningeipenda mimi, pamoja na kwamba ilipata kashfa yake. Mwaka 2018 watafiti wa New Zealand, ambao nao kama sisi wanaletewa mitumba ya Kijapani yenye usukani wa kulia, walisema betri za uniti 30 zinachoka haraka kuliko za 24. Baadaye Nissan ikasema kosa liko kwenye kompyuta inayosoma betri, si kwenye betri, ikatoa programu ya kuirekebisha. Ukinunua ya uniti 30, uliza kama ilirekebishwa. Muuzaji akibabaika, na wewe babaika na pesa yako.

Oktoba 2017 likaja umbo jipya kabisa, ZE1. Uniti 40, mota ya kilowati 110, kilomita 243 za kipimo cha Marekani, na pedali moja inayoongeza mwendo na kusimamisha gari. Ni bomba, sikatai. Lakini betri bado haipozwi! Wenye magari wa mwaka 2018 waligundua kwamba ukiichaji haraka mara mbili au tatu katika safari moja ndefu, betri inapata moto na chaji inaanza kuingia kwa kusuasua. Mwaka 2019 ikaongezewa kaka yake wa uniti 62, anayekaribia kilomita 364. Nissan ilikuja kukubali kuipoza betri ya Leaf kwa maji kwenye toleo la tatu lililotangazwa Juni 2025. Miaka 14 na ushee! Hiyo ya tatu wewe na mimi tutaiona kwenye kalenda kwanza.

JAPANI WANAPIMA KWA MKONO MREFU

Utakuwa umeona natumia vipimo vya Marekani wakati magari yanatoka Japani. Ni makusudi. Kipimo cha Kijapani cha wakati ule kilikuwa cha ukarimu mno. Gari lile lile la uniti 40 ambalo Mmarekani anasema kilomita 243, Mjapani anasema 400. Tangazo la mtandaoni linakupa ya Mjapani. Ukiiamini, utalala njiani.

Na hapo ndipo nilipomkalisha dogo chini. Bariadi hadi Maswa ni kilomita 50, lami safi. Kwenda na kurudi 100. Leaf ya mwanzoni mwa 2012 ikiwa mpya ingekwenda 117, yaani ingerudi ikiwa inahema. Ikiwa na vijiti vinane imebakiwa na kilomita 77 hivi. Utafika Maswa, utashusha abiria, utageuza. Kabla hujaiona Bariadi, bado kilomita 20 na kitu, gari linazima na abiria wako wa mnada amekaa nyuma na mbuzi wake.

“Nitachaji Maswa,” dogo akasema.

Utachaji saa nane. Chaja ya ndani ya Leaf hizo za Kijapani inavuta kilowati 3 hivi tu. Kuna ile tundu ya pili ya chaji ya haraka, inaitwa CHAdeMO, jina lililotoka kwenye utani wa Kijapani wa “vipi, tunywe chai?”, kwa sababu inajaza asilimia 80 kwa muda wa kikombe cha chai, nusu saa. Sasa wewe niambie kati ya Bariadi na Maswa chai hiyo utaagiza wapi. Bwawa la Nyerere limekamilika mwaka 2025, megawati 2,115, umeme upo. Mashine ya kuuingiza haraka kwenye gari ndiyo kizungumkuti.

Sijagusa barabara. Tumbo la Leaf liko sentimita 15 au 16 kutoka ardhini, na ndani ya tumbo hilo ndimo ilimo betri. Njia ya vumbi ya Zagayu wakati wa kiangazi inapitika, taratibu. Masika ikifika, gari libaki Bariadi na mwenyewe apande bodaboda. Kuna na ushuru: TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu kwa gari lililopita miaka minane, na likipita kumi wanabana zaidi. Ya 2012 ilishavuka mistari yote miwili siku nyingi, kwa hiyo ile bei chee ya mtandaoni siyo bei utakayolipa bandarini. Na redio itakusemesha Kijapani mpaka uzeeke nayo, maana nyingi za huko hazibadiliki lugha kirahisi.

MENO YA NG'OMBE

Jumamosi nikapanda basi hadi Bariadi, nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Mambo ya ng'ombe hayamalizwi kwa simu. Nikamkuta baba mdogo chini ya mti, nikamwamkia “Mwangaluka, baba”, tukaulizana habari za nyumba zote mbili, mvua, pamba, mpaka uji ukaisha. Ndipo akaniuliza.

“Mwanangu, mimi nikienda mnadani namfunua ng'ombe mdomo, naona meno, najua umri wake. Mwenye naye anaweza kusema uongo, meno hayasemi. Hilo la kwenu linafunuliwa wapi?”

Nikamwonyesha kwenye simu picha ya dashibodi, vile vijiti 12. Akavaa miwani. Akavihesabu kwa kidole, kimoja kimoja, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekuta kitu anachokijua.

Nikawa mkweli kwake: hata meno ya gari yanasemeshwa uongo. Kuna wajanja wanaifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijiti vinarudi vyote 12, gari linaonekana kigoli. Baada ya wiki kadhaa za kuendeshwa kompyuta inajifunza upya na vijiti vinaanza kudondoka. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu inayoitwa LeafSpy. Inasoma afya ya betri kwa asilimia, na inahesabu gari limechajiwa haraka mara ngapi maishani mwake. Leaf yenye kilomita nyingi na vijiti 12 vinavyong'aa, usiishangilie, iulize maswali.

Tukamwandikia muuzaji, sisi watatu tumekaa pale chini ya mti. Tuma picha ya dashibodi ikiwa imewaka.

Akatuma picha ya tairi. Tukamwandikia tena. Akatuma ya viti, safi kweli. Tukamwandikia mara ya tatu, akatuma ya dashibodi, lakini imezimwa. Baba mdogo akachukua simu akaiangalia muda mrefu, akasema huyu mtu anafunika mdomo wa ng'ombe kwa mkono. Jioni ndiyo ikaja picha yenyewe, imepigwa kwa mbali, mkono umetetemeka. Tukaikuza.

Vinane.

Dogo hakusema kitu. Mzee akavua miwani, akainuka, akaenda kufungua zizi kuwaingiza ng'ombe waliokuwa wanarudi malishoni. Wote 14 walikuwemo, na wengine.

Tulikubaliana usiku ule kwamba kama ni Leaf, iwe AZE0 ya uniti 30, vijiti visipungue 10, na picha ya LeafSpy ije kabla ya senti moja kutoka. Kwa bei ya gari hilo ng'ombe 14 hawatoshi, na mzee kasema wengine hawaguswi mpaka pamba iuzwe. Dogo alinuna siku mbili, kisha akarudi kwenye matangazo.

Juzi, saa tano za usiku kama kawaida yake, kanitumia picha. Dashibodi imewaka, maandishi ya Kijapani, chesisi AZE0, mwaka 2016. Nikaikuza nikahesabu: 11. Yaani kilomita 138 hivi, Maswa kwenda na kurudi na chenji inabaki. Nimempigia mara tatu kumuuliza kuhusu LeafSpy na ile programu ya kurekebisha kompyuta. Hapokei. Nadhani yuko zizini anambembeleza mzee.